Kikombe cha Mtu Mmoja

Kama maandishi haya umeletewa na mtu wa nyumbani kwako, huenda ni kwa sababu umeanza kuwa mkali. Nakuelewa. Sisi watu wa sukari huwa wakali hata kabla ya kujua kwamba tunaumwa. Sitakueleza kongosho ni nini wala hufanya kazi gani. Daktari wako atakuchorea kwenye karatasi kama alivyonichorea mimi, na utasahau ukifika mlangoni kama nilivyosahau. Nitakueleza habari za mguu wangu wa kushoto, za mke wangu, na za keki ndogo ya chokoleti inayopikwa ndani ya kikombe cha chai, ambayo nusura nikatwe mguu kwa sababu yake. Keki yenyewe haikuwa na kosa.

Mimi ni mchongaji wa mbao. Ninaishi mtaa wa Jericho, huku Eastlands, na kibanda changu kiko nyuma ya soko. Sisi Wakamba tuliofundishwa kazi hii na baba zetu hatujui meza. Mchongaji huketi chini, hukunja mguu mmoja, na kwa ule mwingine hubana mti kwenye gogo, kisha huchonga kwa tezo akielekea nyayo zake mwenyewe. Mguu ndio jiliwa yetu ya kubania mbao. Mgeni akituona hufumba macho. Sisi hatuogopi, kwa sababu mguu wa mchongaji una akili yake: tezo ikikaribia, kidole hurudi nyuma bila kuambiwa.

Wangu uliacha kurudi. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, nami nilikuwa nachonga mwiko, mama aliyeuagiza akiwa amesimama mbele yangu na mwavuli.

"Mzee," akasema, "si unatoka damu?"

Nikatazama. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimepasuka hadi kwenye ukucha, na damu ilikuwa imechanganyika na vumbi la mbao ikawa nzito kama uji wa wimbi. Sikuwa nimesikia chochote. Nilikiminya. Bado sikusikia chochote. Mama yule aliondoka bila mwiko wake.

Dalili zilikuwepo tangu zamani. Kiu nilisema ni vumbi. Kukojoa kila saa nilisema ni uzee. Suruali ilipoanza kulegea nilisema ni kazi, nikatoboa mshipi tundu jingine. Nyayo zilipokuwa kama zinakanyaga godoro nilinunua viatu vya soli ngumu. Kila kitu nilikipa jina lake, ila lile jina lenyewe.

Mvua zilipopungua, kidole kilikuwa kimeshatolewa. Nilianza kujidunga insulini asubuhi na jioni, nikawa mtu wa kliniki ya vidonda.

Benchi za kliniki ile ni za chuma, na hata mchana wa jua huwa baridi. Unakuja alfajiri, unachukua namba, unakaa. Ukutani kuna picha ya mguu wenye afya, na chini yake miguu yetu imenyooshwa, imefungwa bandeji, kama mikate iliyofungwa kwa karatasi. Kukaa ndiko kulikonishinda. Goti langu la kulia lilitetemeka lenyewe kama la fundi wa cherehani. Nilikuwa nainuka, naenda dirishani kwa magongo, narudi, nainuka tena.

Hapo ndipo nilipofahamiana na Mzee Njoroge. Alikuwa akiuza vyuma vikuukuu Dandora, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti mwaka uliotangulia.

"Wewe Mkamba," akaniambia, "ukiendelea kutikisa benchi hivyo utatuangusha sisi wa mguu mmoja."

"Nangoja, mzee."

"Sote tunangoja. Wewe unangoja kwa nguvu." Akautazama mguu wangu. "Unavaa namba ngapi?"

"Nane."

"Mungu ni mkubwa. Nyumbani nina viatu vya kushoto ambavyo havijui lami. Kila nikinunua jozi, kimoja kinakaa tu kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Tunza huo mguu, nitakuletea."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini goti halikuacha.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mama Mueni, mke wangu, anauza mboga sokoni. Alikuwa akiamka mapema kunipikia uji wa wimbi usio na sukari, ananiachia sukuma wiki na ugali kidogo, kisha anaenda. Nilibaki na kuta. Maisha yangu yote chai yangu ilikuwa na vijiko vinne, na mchana soda na andazi. Sasa mwili ulikuwa unadai, na sikuwa na kazi ya kuunyamazisha. Nilifungua kabati. Nilifunga kabati. Nilisimama mlangoni nikahesabu waliobeba mkate. Siku moja niliupata mfuko wa sukari alioficha ndani ya sufuria ya Krismasi, nikalamba kidole, mara moja, mara mbili, kisha nikarudisha kifuniko vizuri kama mwizi aliyefundishwa adabu.

Binti yetu Mueni anaishi Mowlem na anafanya kazi kwenye duka la keki mjini. Baridi ilipoanza, alikuja na maikrowevu yake ya zamani ameifunga kwa leso, akaiweka juu ya meza ya sebule.

"Baba Mueni," mke wangu akasema, "sasa utaangalia habari."

"Si televisheni, Mama," Mueni akasema. "Baba, njoo. Nimechoka kuambiwa unalamba sufuria."

Kumbe alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua.

Alichukua kikombe kikubwa cha chai. Alipondea ndani yake nusu ya ndizi iliyoiva sana, ile yenye madoadoa. Akavunja yai moja. Akatia kijiko cha siagi ya njugu isiyotiwa sukari, vijiko viwili vya kakao, bekingi pauda kidogo kwenye ncha ya kijiko, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akakoroga kwa uma mpaka ikawa nyeusi na laini, akaiweka ndani, dakika moja na nusu. Nilisimama nikitazama kikombe kikizunguka nyuma ya kioo. Ule uji mweusi ulipanda mpaka ukachungulia juu ya ukingo, kisha ukashuka, kama mtu aliyeanza kusimama akakumbuka hana safari.

"Baba, hii ni ya mtu mmoja, na ni ya siku moja. Unakula saa kumi. Ikiisha, imeisha."

Haikuwa tamu kama keki ya harusi. Kakao yenyewe ilikuwa chungu, ya kazini kwao, ameileta kwenye chupa ya jemu, na utamu wote ulikuwa ule wa ndizi. Lakini ilikuwa moto, ilikuwa laini, ilikuwa chokoleti, na ilikuwa yangu. Kuanzia siku hiyo niliishi nikiingoja saa kumi. Dakika ile na nusu ya kutazama kikombe ndiyo peke yake ambayo goti langu lilitulia.

Sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, na muuguzi aliniambia kwamba wekundu huo ni mzuri. Nikaona nimeshinda.

Kisha kakao ikaisha. Mueni alikuwa amepelekwa Machakos kusaidia kufungua duka jipya. Angerudi, na ningeweza kungoja, au kumwomba mama yake. Lakini nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nje. Nikachukua magongo, nikaenda dukani mwenyewe.

"Niaje, buda," kijana wa duka akasema. "Mguu inaendelea?"

"Inaendelea. Nipe kakao."

"Ya mkebe ama ya paketi?"

"Mkebe."

Akanipa mkebe. Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Hapa kwetu Eastlands, ukisema kakao, hakuna anayefikiria unga mchungu. Kakao ni ile ya kunywa, ambayo watoto huchanganyiwa na maziwa kabla ya kwenda shule. Mimi mwenyewe nimeinywa tangu shule ya upili. Imeshachanganywa na sukari kiwandani, na sukari ndiyo nyingi kuliko kakao. Imeandikwa hapo kwenye mkebe, kwa herufi ndogo. Kijana wa watu alinipa nilichoagiza. Nilipita kibandani kwangu, nikaumimina unga kwenye chupa ya jemu niliyokuwa nimebeba, na mkebe nikauacha huko niutilie misumari.

Keki ya siku hiyo ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mpaka nilifumba macho. Siku iliyofuata nilikula moja saa nne, Mama Mueni akiwa sokoni, na nyingine saa kumi kama sheria ilivyotaka. Baadaye zikawa tatu. Niliosha kikombe kila mara na kukirudisha pale pale.

Sukari ikapanda. Daktari wetu, mwanamke wa makamo, mpole, alipitia tarakimu zangu na kuzirudia.

"Mzee, nyumbani unakula nini?"

Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkoba wake magotini.

"Anachonipa mama," nikasema.

Daktari akamgeukia. "Mama, kwenye uji unaweka nini?"

"Wimbi na maji. Na ndimu."

"Sukari?"

"Siweki."

"Tafadhali mama, tusaidiane. Najua mnawaonea huruma wakilia. Lakini sukari ikibaki hivi, kidonda hakitafunga. Kisipofunga, mwisho wa baridi hii tutakata hapa." Akapitisha kidole chini ya goti langu, taratibu, kama fundi anayepima kitambaa.

Mama Mueni alikaa akasemwa mpaka mwisho, uso umetulia, vidole vikizungusha kifungo cha mkoba. Nami niliketi pale nikamwacha asemwe.

Ungedhani ningenyamaza hapo. Sikunyamaza. Hofu iliniingia, na mimi hofu ikiniingia hutafuta mtu. Tulipofika nyumbani nilikuwa tayari nimeamini kwamba kosa ni la uji.

"Uji wako una nini?" nikamwuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Mpishi ni nani humu ndani?"

Alikuwa anavua viatu. Akavivaa tena. "Kuanzia leo mpishi ni wewe, Baba Mueni," akasema, bila kupaza sauti. Akachukua nguo chache na Biblia yake, akaenda kukaa Mowlem kwa Mueni, ambaye bado alikuwa Machakos.

Jirani zangu walidhani ameenda kumsaidia binti. Mimi nilizunguka nyumba. Kutoka jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Sikupika uji. Nilipika vikombe. Niliketi, nikainuka, nikaenda hadi kona ya soko nikatazama meza yake ya mboga kwa mbali, yeye akipanga mchicha, nikarudi. Usingizi ulikatika. Kiu ilirudi. Bandeji ilianza kuwa na harufu ambayo nilijifanya ni ya dawa.

Siku ya kubadilishwa bandeji ilipofika nilikwenda peke yangu. Kwenye geti la hospitali nikamkuta Mama Mueni amesimama, leso mabegani.

"Umekuja," nikasema.

"Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya mguu."

Muuguzi alifungua bandeji, akatazama, akamwita mwenzake. Wakatazama wote wawili. Ukingo wa kidonda ulikuwa umekuwa mweusi, na kidole cha pili kilikuwa kimeanza kubadilika. Waliniambia nirudi upesi, na nijiandae. Walisema neno lile, nijiandae, kwa upole kama watu wanaokukaribisha mahali. Mzee Njoroge, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, hakunitania siku hiyo.

Mama Mueni alinisindikiza hadi nyumbani. Hakutaka kuketi. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini sisi wanaume wa rika langu tulifundishwa kila kitu ila hilo neno. Kwa hiyo nilimpikia. Nikaponda ndizi, nikavunja yai, nikakoroga. Kikombe kilipotoka, nilitia kijiko, nikamwelekezea yeye.

"Onja."

"Si hii ni ya mtu mmoja?"

"Onja tu, Mama Mueni."

Miezi yote hiyo sikuwa nimewahi kumpa hata kijiko. Akaonja, bado amesimama. Akaonja tena, kidogo, kwa ncha ya ulimi.

"Umeweka sukari."

"Sijaweka."

"Baba Mueni, mimi nimekupikia chai tangu tuoane. Sukari naijua ikiwa imejificha wapi. Hii ni sukari."

"Ni ndizi."

Hakubishana. Alienda jikoni akarudi na chupa ya jemu, akachovya kidole, akalamba. Kisha akakaa, mara ya kwanza tangu aingie.

"Hii si kakao ya Mueni. Ile nililamba siku ya kwanza nikatema, ilikuwa chungu kama mwarobaini. Hii ni ile ya watoto ya kunywa. Ulinunua wapi?"

"Dukani. Niliomba kakao. Kakao ni kakao."

"Kakao ni kakao," akarudia. Aliiweka chupa mezani. Nilimwona akianza kuelewa: uji wake, daktari, kidole kilichopitishwa chini ya goti. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini. "Na wewe ulipokula, hukuona ni tamu?"

Ningeweza kusema sikuona. Kosa la mkebe lilikuwa kosa la kila mtu wa mtaa huu. Ningejificha nyuma yake na hakuna ambaye angenifukuza hapo. Mgonjwa husamehewa mengi. Lakini ulimi wangu ulijua siku ile ile ya kwanza. Macho yalijua pia, maana unga ule ulikuwa wa hudhurungi mahali ule mwingine ulikuwa karibu mweusi. Nilijua kwa ulimi, kisha nikaagiza kichwa kisijue.

"Niliona," nikasema.

Akaifunga ile chupa kifuniko, taratibu. Nilitamani apige kelele.

"Kwa hiyo uji wangu haukuwa na kitu."

"Haukuwa na kitu."

"Sema tena."

"Uji wako haukuwa na kitu."

"Sasa mpigie Mueni, umwambie hivyo hivyo. Weka sauti kubwa nisikie."

Nikapiga. Mueni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ai, Baba," basi, na hayo maneno mawili bado ninayasikia. Safari iliyofuata kliniki nilimwambia daktari mwenyewe, kabla hajafungua faili. Daktari akamgeukia mke wangu. "Mama, pole. Nilikusema bure."

"Si wewe," Mama Mueni akajibu.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Kidole cha pili kilitolewa. Walinibadilishia insulini, wakawa wananiosha kidonda kila siku, na mara nyingine nilitetemeka njiani nikirudi kwa sababu sukari ilishuka kupita kiasi. Nilibeba peremende moja mfukoni kwa ajili ya hilo, na ile peremende ilikuwa mtihani kuliko mitihani yote niliyofanya shuleni. Mama Mueni alirudi kulala nyumbani, lakini kwa muda alinipa chakula kama anavyompa mteja mboga: kamili, safi, bila hadithi. Nilistahili. Mueni aliporudi kutoka Machakos alileta kakao ya kweli. Kikombe cha kwanza cha ile chungu nilikila nikiwa na hasira, kama mtu anayenyweshwa dawa. Cha tatu nikaanza kusikia ladha ya ndizi tena. Sasa tunakigawana na Mama Mueni, yeye upande wa mkono wa kikombe na mimi upande mwingine, na daktari anasema nusu hiyo inanitosha.

Kwa hiyo, wewe uliyeketi kwenye benchi ya chuma, goti lako likitetemeka: pika hiyo keki, haina ubaya. Lakini usipike peke yako, na kijiko cha kwanza mpe mwenzako aonje. Kuna mambo ambayo ulimi wako hautakuambia.

Siku ya uamuzi kulikuwa na ukungu, ile baridi ya mwisho ambayo huuma kabla ya kuondoka. Daktari alifungua bandeji mwenyewe. Aliminya hapa, akaminya pale, akanichoma kwa kitu chenye ncha, nami karibu na kisigino nikasikia, kidogo, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Akaandika. Nikataka kuinuka, akaniwekea mkono begani. Alizungumza na mwenzake. Kisha akaniambia, nikamwomba arudie, akarudia.

Nilipotoka, Mama Mueni alikuwa kwenye benchi, amebeba koti langu. Hakuinuka. Aliutazama mguu kwanza, halafu mimi.

"Wamesemaje?"

"Wamesema twende nao nyumbani."

Akainama, akautazama tena ule mguu wenye vidole vitatu, kama mtu anayekagua mgeni atakayelala kwake.

"Basi uvalishe soksi," akasema. "Nje kuna baridi."